Mishono ya Kuufunga Mfarishi wa Viraka

Uso wa mfarishi wa viraka unapokamilika, maungio yote yakiwa yamepigwa pasi na rangi zimepangika kama mshonaji alivyokusudia, kilichopo mezani bado ni shuka la viraka tu. Kinachoufanya uwe mfarishi ni mishono inayopita katika matabaka matatu, yaani uso, kijazo cha katikati na bitana ya chini, na kuyashika yasitengane. Mishono hiyo hushonwa kwa cherehani kwa namna kadhaa, na uchaguzi wa namna moja badala ya nyingine ndio unaoamua kama mfarishi utadumu au kama kijazo chake kitajikusanya pembeni baada ya kufuliwa mara chache.

Maelekezo mengi juu ya uchaguzi huu yameandikwa kwa ajili ya watu wenye cherehani pana za umeme, vijazo vya kiwandani vyenye karatasi ya maelezo, na mashine za kufulia. Sisi wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako mfarishi ni kitu cha lazima kuliko pambo, wengi tunashonea cherehani ya kukanyaga, kijazo tunakinunua kwa mita bila maelezo yoyote, na mfarishi wenyewe utafuliwa ndani ya beseni, utakamuliwa na watu wawili wakiupinda kila mmoja upande wake, kisha utaanikwa kambani ukiwa umejaa maji. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba namna ya kufunga ichaguliwe kwanza kwa kuangalia utakavyofuliwa, kisha kwa kuangalia cherehani iliyopo, na urembo uje mwisho. Mpangilio huo haupunguzi uzuri hata kidogo, kwa maana mshono uliokaa mahali pake una uzuri wake wenyewe.

Nitaeleza kwa kutumia mfarishi mmoja nilioushona kwa kanga za shangazi yangu, anayeishi Makete, ambako alfajiri za Juni na Julai umande huganda juu ya majani. Kanga zilikuwa zimechakaa pindo lakini miji yake ilikuwa mizima. Niliukusudia mfarishi wa sentimita 150 kwa 200, wenye viraka vya mraba vya sentimita 10 baada ya kushonwa, 15 kwa upana na 20 kwa urefu, kanga zikipokezana na kitambaa cheupe cha marekani. Vitambaa vyote vilifuliwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa pamba hurudi inapoloa, na kanga nyekundu au nyeusi isiyofuliwa kwanza inaweza kutoa rangi na kuichafua marekani iliyo jirani yake.

Uchaguzi wa mishono ulianzia kwenye kijazo. Kazi ya kwanza ya mishono ni kukizuia kijazo kisitembee, na kila kijazo kina umbali wake wa mwisho kati ya mstari na mstari. Vijazo vya kiwandani huandikwa umbali huo: baadhi ya vile vya pamba iliyotobolewatobolewa kwa sindano na kuwekewa wavu mwembamba huvumilia hadi inchi 10, yaani sentimita 25, ilhali pamba tupu isiyo na kishikizo huhitaji mistari ya karibu zaidi, inchi 2 au 3. Kijazo kinachouzwa kwa mita kwa mafundi wa makochi hakina maelezo hayo, hivyo mimi hukishika kipande kidogo kwa mikono miwili na kukivuta taratibu. Kikiachana mara moja kama nyuzi zisizofungamana, mistari isizidi sentimita 5 hadi 7. Kikivutika kidogo na kurudi, sentimita 10 zinatosha. Blanketi jepesi la zamani, ambalo wengi wetu hulitumia kuwa kijazo na mimi nalipenda sana kwa kazi hiyo, limefumwa na linajishika lenyewe, kwa hiyo linaweza kufungwa kwa mistari iliyoachana zaidi bila madhara.

Hapo ndipo ufuaji unapoingia. Mfarishi uliolowa ni mzito mno, na unapopindwa kukamuliwa, nguvu yote inaangukia kwenye mishono iliyopo. Ikiwa michache, kila mshono unabeba mzigo mkubwa na uzi hukatika, na ikiwa mingi mno, mfarishi unakuwa mgumu kama turubai, unakataa kulala juu ya mwili na unakawia kukauka. Kwa kijazo chepesi cha poliyesta nilichokuwa nacho, umbali wa sentimita 5 kati ya mstari na mstari, kwa upande mmoja tu, ulitosha kukishika bila kuukakamaza mfarishi. Mistari 30 yenye urefu wa mita 2 ni mita 60 za mshono. Uzi wa juu na wa bobini, yaani kile kigurudumu cha uzi wa chini, kwa pamoja hufikia mara mbili na nusu hadi tatu ya urefu wa mshono, basi nilijua mapema kwamba ningehitaji kati ya mita 150 na 180 za uzi wa rangi moja. Mistari hiyo ikikatwa na mingine ya kwenda kinyume ili kutengeneza miraba, hesabu yote inakaribia kuwa maradufu, na ugumu wa mfarishi unaongezeka.

Namna inayotajwa kwanza kwa wanaoanza ni kushona ndani ya maungio yenyewe, mstari ukipita pale viraka viwili vinapokutana, ili usionekane. Inasifiwa kuwa rahisi, lakini kwa maoni yangu urahisi huo ni wa kusimuliwa. Maungio yanapopigwa pasi kuelekea upande mmoja, upande huo unainuka kidogo na mwingine unabaki chini, na mshono unatakiwa kutambaa upande wa chini, karibu kabisa na ukingo; ukipotoka kwa milimita moja unaonekana mara moja juu ya kiraka cheupe. Viraka visipokutana sawasawa kwenye pembe, mstari mnyoofu hauwezi kufuata pembe zote. Na kama maungio yamepigwa pasi kwa kufunguliwa pande zote mbili, namna hii haifai kabisa, kwa kuwa hapo mshono haukamati kitambaa cha kutosha. Unakaa juu ya uzi uliounganisha viraka. Naitumia kwa kazi moja tu, kuweka mistari michache ya kwanza ya kushikilia mfarishi mzima kabla ya mishono mingine.

Mistari minyoofu inayopita kando ya maungio, au inayokata viraka kwa mshazari, ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa mfarishi wa kulalia. Mistari ya mshazari ina sifa ya kuficha pembe zisizokutana, kwa sababu jicho hufuata mstari na kuacha maungio. Lakini mshazari hufuata upande ambao kitambaa huvutika, kwa hiyo matabaka yasiyofungwa vizuri huanza kusogea na mawimbi hujitokeza. Mistari inayofuata uzi wa kitambaa imetulia zaidi. Kwa mfarishi wa shangazi niliipitisha kwa urefu, sentimita 2.5 kila upande wa maungio, na hivyo kila kiraka kikapata mistari miwili iliyoachana sentimita 5 bila mshono hata mmoja kupita juu ya maungio ya urefu. Uamuzi huo ulizingatia jambo jingine pia: kanga moja ilikuwa na jina lisemalo «Wema hauozi», na shangazi hakutaka likatwe. Nililishona likiwa ukanda mmoja wa sentimita 10 kwenye urefu wa kipande cha katikati, na mistari miwili ikapita juu na chini ya herufi bila kuzigusa.

Shida ya mistari minyoofu ndefu ni kwamba meno ya cherehani huivuta bitana kwenda nyuma huku mguu wa cherehani ukiukandamiza uso na kuuchelewesha, na baada ya mita moja uso umejikusanya mbele ya mguu na kukunjika pale unapokutana na mshono mwingine. Dawa yake ni mguu wa kutembea, ambao una meno yake yenyewe yanayoshika uso na kuusogeza sawasawa na meno ya chini. Mguu huo una mkono mdogo unaokaa juu ya skrubu inayokaza sindano, na kila sindano inapopanda, mkono hupanda nayo na kuyaendesha yale meno ya juu. Cherehani nyeusi za kukanyaga zinazofuata umbo la Singer ya aina ya 15, ambazo zimeenea kwetu zikiwa na majina mengi, zina shina fupi la mguu, na miguu ya kutembea ya shina fupi inayouzwa kwa ajili ya cherehani nyingine za shina fupi kwa kawaida hukubali. Muhimu ni kuhakikisha dukani kwamba ule mkono unaifikia skrubu na haugongi popote. Asiyeweza kuupata alegeze skrubu iliyo juu ya shina la mguu ili mguu usikandamize sana, na apige bandi, yaani ayashikize matabaka kwa muda, kwa karibu zaidi. Mimi huweka pini za kufunga, zile tunazofungia nepi za watoto, kila baada ya upana wa kiganja, mfarishi ukiwa umetandazwa sakafuni na bitana imevutwa na kubandikwa kwa utepe isilegee.

Namna ya tatu ni ushonaji huru. Meno ya cherehani hushushwa, au hufunikwa kwa kibati pale yasiposhuka, mguu hubadilishwa kwa ule wa kutililia unaoruka pamoja na sindano, na mshonaji huusogeza mfarishi kwa mikono upande wowote anaotaka, akichora majani, maua au mkondo unaozungukazunguka bila kujikata. Urefu wa kila mshono hauamuliwi tena na cherehani. Unaamuliwa na uwiano wa mwendo wa mikono na mwendo wa sindano, na ndiyo maana hatua ndefu na fupi huchanganyikana kwa wanaojifunza. Cherehani ya kukanyaga ina nafasi nzuri katika kazi hii kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu miguu huongeza na kupunguza mwendo taratibu huku mikono yote miwili ikibaki huru. Sharti ni gurudumu lisirudi kinyume, maana hapo uzi hukatika.

Ni namna yenye heshima kubwa, na heshima hiyo ilipatikana polepole. Kwa miaka mingi nchini Marekani mfarishi uliofungwa kwa cherehani ulihesabiwa kuwa chini ya ule uliofungwa kwa mkono, hadi mwaka 1989 ambapo Caryl Bryer Fallert alitwaa tuzo ya juu kabisa kwenye maonyesho ya Chama cha Washonaji Mifarishi cha Marekani huko Paducah, Kentucky, kwa mfarishi wake «Corona II: Solar Eclipse», wa kwanza uliofungwa kwa cherehani kushinda tuzo hiyo. Hata hivyo sikuchagua ushonaji huru kwa mfarishi wa kanga, na sababu yangu iko kwenye kanga zenyewe. Kanga ina michoro mikubwa na rangi zinazogongana kwa makusudi. Jani lililochorwa kwa uzi juu ya mchoro kama huo halionekani, na kazi ya saa nyingi inamezwa. Ushonaji huru unastahili kitambaa kisicho na michoro, ambapo kivuli cha kila bonde na mwinuko kinasomeka. Kama uso wote ungekuwa wa marekani na rangi tupu, uamuzi wangu ungekuwa mwingine.

Mdogo wangu anayeishi Minnesota, Marekani, alinishauri nimtumie uso na bitana ili aupeleke kwa wenye mashine kubwa za mkono mrefu, ambamo mfarishi hutandazwa kwenye fremu na kichwa cha mashine ndicho kinachotembea juu yake. Mashine hizo hufanya kazi safi, na kwa mfarishi mpana wa kitanda cha watu wawili ushauri huo ni wa maana kwa anayeishi huko. Malipo huko kwa kawaida huhesabiwa kwa inchi ya mraba. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 una karibu inchi 4,650 za mraba, kwa hiyo bei ya mfano ya senti 2 za dola kwa inchi moja inafika dola 93 kabla ya kijazo na usafirishaji. Bitana nayo hutakiwa kuzidi uso kwa inchi kadhaa kila upande ili ishikwe na fremu. Kwa mfarishi wa kanga zilizochakaa, gharama hiyo haikunishawishi, na nilitaka kuujua mfarishi huo mshono kwa mshono.

Kikwazo kilichobaki ni nafasi iliyo kati ya sindano na shingo ya cherehani. Cherehani nyingi za nyumbani zina kati ya sentimita 16 na 22 hapo, na mfarishi wa upana wa sentimita 150 wenye kijazo, hata ukikunjwa kwa kukazwa, unabana sana katikati ukishonwa ukiwa mzima. Mistari hulazimika kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa na ulegevu visukumwe kuelekea kingo, na sehemu ngumu kuliko zote ndiyo inayoshonwa kwanza. Wasiddi wa Karnataka nchini India, ambao mababu zao walitoka Afrika, hufanya kinyume: mifarishi yao iitwayo kawandi huanza kushonwa kwa mkono kutoka ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, mstari ndani ya mstari. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu viraka huongezwa kadiri mshono unavyosonga, na ulegevu wowote humezwa na kiraka kinachofuata. Matabaka ambayo tayari yameshaungwa kwa ukubwa wake wote hayana pa kuupeleka ulegevu isipokuwa nje.

Kwa hiyo niliugawa mfarishi katika vipande vitatu vya sentimita 50 kwa 200, kila kimoja kikiwa na safu tano za viraka, na kila kimoja nikakifunga peke yake kikiwa na kijazo na bitana yake. Namna hii ya kufunga kwa vipande ndiyo ninayowapendekezea bila kusita wote wenye cherehani ndogo. Kipande cha sentimita 50 kinageuka kwa urahisi, hakivuti sindano kwa uzito wake, na hata ushonaji huru unawezekana juu yake. Mistari iliyo jirani na sehemu ya kuungia sikuishona mwanzoni, ili uso, kijazo na bitana viachiane hapo kwa sentimita 7.5. Kisha niliunganisha nyuso mbili kwa cherehani, nikakata kijazo ili kingo zake zikutane bila kupandiana, nikazishona kingo hizo kwa mkono kwa hatua pana, nikaikunja bitana moja juu ya nyingine na kuipitishia mshono wa mkono. Mistari iliyobakishwa ilishonwa baada ya hapo, na kwa kuwa niliweza kuligeuza tandiko ili kipande cha pembeni ndicho kipite ndani ya shingo ya cherehani, sikuwahi kukunja zaidi ya sentimita 53 humo. Atakayechagua njia hii akubali kwamba bitana itakuwa na maungio mawili yanayoonekana, jambo ambalo mimi naliona si kitu.

Kabla ya yote hayo nilishona kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30 chenye vitambaa, kijazo na uzi uleule, na hii ni hatua nisiyoiruka kamwe. Sindano ilikuwa namba 14, urefu wa hatua ya mshono milimita 3, kwa kuwa hatua fupi huzama ndani ya kijazo na kuonekana kama vitobo. Vitanzi vikionekana chini, uzi wa juu umelegea; uzi wa bobini ukichungulia juu, ule wa juu umekazwa mno. Mzee mmoja fundi, ambaye kibaraza chake kiko jirani na kwangu, alikigeuza kipande hicho mara mbili mbele ya mwanga na kuniambia, «Mwanangu, nyuzi zikutane tumboni mwa nguo.» Baada ya kurekebisha mkazo nilikifua, nikakikamua kwa nguvu zote, nikakianika, na ni baada ya kukiona kimekauka bila mstari kukatika wala kijazo kusogea ndipo nilipoanza kazi yenyewe. Uzi niliuchagua wa rangi ya udongo uliofifia, ambayo inatulia juu ya kanga na haipigi kelele juu ya marekani.

Mfarishi wa mtoto mchanga ningeufunga kwa namna nyingine. Ukubwa wake wa sentimita 80 kwa 100 unapita ndani ya cherehani ya kawaida bila kugawanywa, unafuliwa mara nyingi zaidi lakini hauna uzito mkubwa, na kijazo chake ningekifanya cha blanketi la pamba lililofumwa, ambalo halihitaji mistari mingi. Hapo ningeshona mistari ya mshazari ya sentimita 8 kwa mguu wa kutembea, na kama katikati pangekuwa na kiraka kikubwa kisicho na michoro, ningekiachia ushonaji huru.